Mwani wa Jumatatu

Nimezaliwa Ngamiani, mjini Tanga, katika nyumba ya vyumba sita yenye kisima uani. Nikaolewa kaskazini, kijiji cha karibu na mpaka wa Kenya, ambako masika yakikolea barabara inakatika na gari haliji hata wiki mbili. Mama yangu aliniuliza kama nimerogwa. Sikurogwa. Nilimpenda mwanamume mmoja na kwao ndiko huko, basi nikafunga mizigo yangu. Yeye keshatangulia mbele ya haki, na mimi bado niko kule kule.

Wanawake wa kijiji chetu tunalima mwani. Asiyeujua mwani aelewe hivi: tunachomeka vigingi kwenye mchanga wa pwani, tunavuta kamba kutoka kigingi hadi kigingi, na kwenye kamba tunafunga vipande vya mwani, kimoja kimoja, mpaka vidole vinachubuka. Baada ya wiki sita tunavuna, tunaanika, tunauza. Kazi hiyo haifanywi siku unayotaka wewe. Inafanywa wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, maji yanapokupwa mbali na shamba likabaki wazi. Katikati ya bamvua na bamvua kuna maji mafu, siku ambazo bahari haiendi mbali wala hairudi sana, na shamba linabaki chini ya maji kutwa. Siku hizo tunashona mikeka, tunatwanga, tunasengenyana. Hata mtoto wa darasa la kwanza kijijini kwetu atakwambia leo ni maji gani.

Tulikuwa wanawake kumi na wanane katika kikundi. Mimi nilikuwa katibu, kwa kuwa nimefika kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka. Mweka hazina alikuwa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Nataka mumjue huyu. Mume wangu alipofariki nilikaa eda miezi minne na siku kumi, na siku zote hizo wifi ndiye aliyenipikia, aliyenichotea maji, na aliyekaa kwenye kizingiti changu kuwafukuza waliokuja kunichungulia kama nalia vya kutosha. Ana ulimi mkali kuliko wangu, na wangu si mchezo.

Mnunuzi alitujia mwaka ambao bei ya mwani ilianguka hadi tukawa tunafikiri kuung'oa. Kanzu safi, viatu mkononi ili visiingie mchanga, shikamoo kwa kila mwanamke mwenye hata unywele mmoja mweupe. Akasema ana mteja ng'ambo anayetaka mwani wa pwani ya Tanga. Akatoa bei iliyotufanya tutazamane. Mwezi wa pili akatuletea mabati ya ghala, kwa maana tulikuwa tunahifadhi mwani chini ya makuti yanayovuja. Siku bati la mwisho lilipopigiliwa tulipiga vigelegele. Nilipiga na mimi, tena sana.

Kisha akaleta daftari. Lilikuwa na safu ya tarehe ya kuvuna, safu ya uzito, na mwisho sehemu ya saini ya katibu na mweka hazina. Alikuwa amekwisha kulijaza. Mwani tuliomuuzia haukufika hata robo ya ule ulioandikwa mle. Akaeleza kwa sauti ya upole kwamba benki hupenda kuona kikundi kinazalisha, kwamba tukionekana wakubwa tutapata mkopo, kwamba fedha za mteja zitapitia akaunti yetu, sisi tutazitoa na kumkabidhi, na kikundi kitabaki na chake kidogo.

Mimi jicho langu lilikuwa kwenye tarehe. Aliandika tumevuna kila Jumatatu. Jumatatu, Jumatatu, Jumatatu, kama mshahara wa kiwanda.

"Mwanangu," nikamwambia, "hizi Jumatatu nusu yake ni maji mafu. Siku hizo hakuna mtu aliyekwenda shambani."

Akacheka, akanishika bega. "Mama, huko ng'ambo nani anajua maji mafu?"

Nami nikacheka. Halafu nikasaini. Wifi akasaini chini yangu. Na mwezi uliofuata tukasaini tena.

Sitaki kulifunika hili kwa ushungi. Kila mwezi mimi na wifi tulipanda gari hadi Tanga, tukavaa mabuibui yetu mazuri, tukatoa benki fedha ambazo mikono yetu haikuwahi kuzishika maishani, na tukazipeleka Ngamiani kwenye duka la mapazia, mitaa miwili kutoka nyumba niliyozaliwa. Kijana wa dukani alizihesabu, akatupa bahasha ya kikundi na soda baridi. Kutokana na bahasha zile wifi aliezeka nyumba yake. Mimi nilinunua friji na nikawa nauza barafu kwa wavuvi. Niliipenda friji ile. Nilikuwa naifuta kila asubuhi na kitambaa chenye maji ya ndimu. Usiku sikukosa usingizi, nikisema nilikosa nitakuwa muongo. Mtu akitaka kujua fedha chafu zinanukaje, mimi nitamwambia zilinukia ndimu.

Ufunguo wa akiba wa ghala alikuwa nao Mnunuzi. Alituomba, eti awe anahifadhi mizani yake mle. Nani angemnyima mtu aliyetoa mabati?

Siku yenyewe ilikuwa bamvua. Tulitoka shambani saa tano asubuhi, magunia ya mwani mbichi kichwani, maji ya chumvi yanatiririka shingoni. Mwani uliokauka ulikuwa tayari kuingizwa ndani, nikaenda na ufunguo wangu. Kufuli lilikuwa jipya. Nikajaribu mara mbili tatu kama mjinga, na hapo ndipo nikasikia mtu akikohoa ndani.

Wanawake wote wakashusha magunia. Nikagonga mlango. "Nani humo?"

Sauti ya mwanamume, karibu kabisa na ubao: "Mama. Maji."

Chini ya mlango palikuwa na nafasi ya upana wa kiganja kimoja, tulikuwa tumeiacha kwa ajili ya hewa. Nikalala kifudifudi nikachungulia. Niliona miguu, mingi, na nyuso zikainama kunitazama. Walikuwa vijana wa Kihabeshi. Tulikwisha kusikia kwamba wanapitishwa pwani yetu kwenda kusini, mtu alisema ameona nyayo, mwingine alisema ameona kiatu kwenye mikoko. Tulikuwa tunayasema tukichambua dagaa, kisha tunahamia mengine. Sasa walikuwa ndani ya ghala letu, juu ya magunia yetu, wamefungiwa kwa nje.

Tukaanza kuwapitishia maji kwa sahani za bati, maana kikombe hakikupita. Wifi akajitenga akampigia simu Mnunuzi. Akarudi uso umembadilika.

"Anasema ni wageni wake. Gari limekwama, kesho watapita. Anasema tusifungue, tusiguse, tusiseme."

"Wamekaa siku ngapi humu?"

"Sikumuuliza."

Nikawauliza wao wenyewe kupitia chini ya mlango. Yule mwenye Kiswahili, alichookota Nairobi kwa miezi michache, alinionyesha vidole vinne. Siku nne. Nikaangalia jua lilivyosimama juu ya mabati yale tuliyoyapigia vigelegele. Nikachungulia tena na nikamwona mmoja amelala peke yake, mdomo wazi, mwenzake anampepea na karatasi. Hakuwa anatoa jasho tena. Nimezaa na nimezika, najua mwili unaoacha kutoa jasho kwenye joto namna ile unakwenda wapi.

"Lete mtaimbo," nikasema.

"Wifi," akasema wifi yangu, "usifanye hivyo."

Mtaimbo ule ndio tunaochimbia mashimo ya vigingi. Nilipiga kufuli mara tatu, na mara ya nne likang'oka na kipande cha mlango. Walitoka wakiwa wameziba macho kwa mikono. Kumi na mmoja. Walinuka, nasi tulikuwa tunanuka mwani, kwa hiyo hakuna aliyemzidi mwenzake. Tukawakalisha kwenye kivuli cha ukuta, tukawanawisha mikono, tukawapikia bada na mchuzi wa changu. Asiyeijua bada, ni ugali wa muhogo, na ukimpa mgeni wa bara mara ya kwanza anautazama sana. Hawa hawakuutazama. Yule mgonjwa tulimfunga kwa khanga nyuma ya baiskeli, akakokotwa hadi zahanati. Aliwekewa maji, na jioni alikuwa anaweza kukaa.

Yule mwenye Kiswahili aliniambia baba yake aliuza shamba. Alidhani amelipia safari yote. Aliambiwa hapo ni nyumba ya kulala, mara moja tu. Nikamuuliza alimlipa nani, akasema fedha hazikupitia mkononi mwake, nyumbani kwao waliambiwa wazitume kwenye akaunti. Sikumuuliza akaunti ya nani. Nikasimama nikaenda kuongeza kuni, na moto ulikuwa haukuhitaji kuni.

Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyepiga simu polisi, kwa woga wake mwenyewe. Walifika kesho yake asubuhi, na Mnunuzi akafika kabla yao. Alinichukua pembeni ya ghala, kanzu yake imepigwa pasi, akaniamkia shikamoo kama kawaida. Nikaitikia marahaba, maana mdomo una mazoea yake.

"Mama, jambo ni dogo. Hawa ni wahalifu. Wamevuka mpaka, wamevunja ghala lenu, wameharibu mali. Kufuli si hilo limevunjika? Wewe ni katibu. Unaandika maelezo, unasaini, tunaendelea na kazi."

Akaondoka kabla sijajibu. Alinizoea kuwa mtu wa kusaini.

Nilielewa vizuri alichotaka. Kuingia nchini bila kibali ni kosa, na wengi wao mwisho hurudishwa kwao. Kuvunja ghala na kuharibu mali ni kosa jingine kabisa, ni miaka jela, na kwa kufuli nililolivunja mimi.

Wifi alinikuta nyuma ya nyumba nafunga ushungi niondoke na polisi kwenda Tanga. Alisimama kwenye mlango wa uani.

"Sema walivunja, wifi. Wale wanaondoka. Sisi tunabaki."

"Nilivunja mimi. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Na kwenye daftari nipo pia. Saini ziko mbili, yako na yangu. Ukianza kumtaja yule, watauliza mmejuana vipi. Wakiuliza hivyo wanafungua daftari. Ukijitosa unanivuta." Akashusha sauti. "Miezi minne na siku kumi, wifi. Nilikaa mlangoni pako."

Nilimwonea huruma na nilimkasirikia kwa pamoja, na zaidi ya yote nilijikasirikia mimi, niliyemfundisha mahali pa kutia saini. Nikampita nikapanda gari la polisi. Yeye alipanda nyuma yangu, kwa kuwa mweka hazina naye aliitwa.

Kituoni tuliwekwa kwenye benchi, kisha nikaitwa peke yangu. Ofisa alikuwa mtu wa bara, kijana, mpole, ananiita mama. Akatayarisha kalamu.

"Ghala lenu limevunjwa jana, sivyo?"

"Halikuvunjwa. Nililifungua mimi kwa mtaimbo. Nendeni mkatazame, kufuli lililovunjika si letu, ufunguo wangu haulifungui. Mtu aliyevunja akaingia, nani alimfungia kwa nje?"

Akaweka kalamu chini. Nikamwambia na ufunguo wa akiba alikuwa nao nani, na wageni walikuwa wa nani. Akaniuliza kwa nini mtu aliyetupa mabati atuwekee wageni kwa siri. Akaniuliza nina ushahidi gani zaidi ya maneno, maana Mnunuzi ni mfanyabiashara anayejulikana, ana risiti, ana daftari, na daftari lina saini yangu. Daftari lenyewe lilikuwa pale mezani. Mnunuzi alikuwa amelileta mwenyewe kuonyesha kwamba biashara yetu ni halali.

Hapo nilicheka. Sikuweza kujizuia.

Ukutani palikuwa na kalenda ya duka fulani, zile zenye tarehe za Kiislamu kwa maandishi madogo. Nikamwambia ailete. Nikamwambia afungue daftari ukurasa wowote. Jumatatu ya kwanza, mwezi una siku ngapi? Akatafuta kwa kidole. Nane. Nikamwambia hayo ni maji mafu, shamba letu siku hiyo liko chini ya maji yanayofika kifuani, huoni hata kigingi, na hapa pameandikwa tumevuna tani. Jumatatu nyingine? Ishirini na mbili. Maji mafu. Nikamweleza bamvua kama ninavyowaeleza wajukuu. Alikuwa mtu wa milimani, bahari kwake ni mahali pa kula pweza siku ya sikukuu, lakini akili alikuwa nayo. Aliendelea kugeuza kurasa peke yake.

"Huu mwani haukuwepo," akasema mwishoni.

"Haukuwepo."

"Sasa fedha zilizoingia zilikuwa za nini?"

"Muulize yule kijana wa Kihabeshi baba yake aliuza shamba akatuma wapi."

Aliandika muda mrefu. Kisha akanisomea, na nilisikia huruma katika alichoandika. Aliandika kwamba mimi ni mkulima wa kijijini, elimu yangu ni ndogo, nilisainishwa nyaraka bila kuelewa yaliyomo, nilidanganywa. Akanisukumia karatasi. Alikuwa ananipa njia ya kurudi nyumbani, na nilijua hivyo, na miguu yangu ilitaka kwenda.

"Futa hapo," nikasema.

"Mama, nakusaidia."

"Naona. Lakini ukiandika sielewi, wakili wake atasimama mahakamani aseme huyu mama haelewi. Haelewi tarehe, haelewi kufuli, haelewi lolote. Na wale kumi na mmoja watarudi kuwa wezi. Andika nilijua. Siku ya kwanza niliona Jumatatu zile, nikamwambia, akacheka, nikasaini."

Akanitazama. "Unajua hili litakufikisha mahakamani na wewe?"

"Nimefika kidato cha nne, mwanangu. Si ndogo hiyo. Andika na hilo."

Akaandika. Akauliza, "Na mwenzako? Naye alijua?"

"Muulize mwenyewe. Yuko nje."

Nilidhani nimemlinda kwa jibu lile. Wifi akaingia, akasimama wima, akasema yeye hajui kusoma vizuri, aliambiwa weka saini akaweka, hakujua chochote. Ofisa hakubishana naye. Alimwonyesha ile kalenda, akaweka kidole kwenye Jumatatu moja, akamuuliza kwa upole kabisa: "Mama, siku hii maji yalikuwaje?" Wifi yangu analima mwani tangu ulipoletwa pwani yetu. Akaangalia ile tarehe ya Kiislamu, kisha akaniangalia mimi, kwa sababu alifahamu ni nani aliyemfundisha yule mtu wa milimani swali lile.

"Maji mafu," akasema.

Kumi na mmoja walishtakiwa kwa kuvuka mpaka tu. La ghala halikufika mahakamani. Nilisikia baadaye kwamba walirudishwa kwao, na zaidi ya hapo sijui. Kesi ya Mnunuzi bado inaahirishwa, anakuja amepigwa pasi, anaondoka amepigwa pasi. Akaunti ya kikundi imefungwa na ghala lina utepe wa polisi. Mimi na wifi tulikiri, hakimu akaangalia umri wetu, akatupa kifungo cha nje: miezi sita, kila Jumanne na Alhamisi, kufagia na kudeki zahanati ya kijiji.

Wapo wanaopita pale makusudi kuniona. Wapo waliokuwa wananipa salamu tangu nilipoletwa bibi harusi na sasa wanageuza shingo, eti nimewatoa mwani mdomoni. Mimi nasimama na ufagio wangu katikati ya uwanja, nawaamkia kwa sauti, kila mmoja kwa ukoo wake, mpaka waitikie. Friji niliiuza nikalipa nilichoambiwa nirudishe. Naiwazia mara nyingine, sikatai.

Wifi alifagia upande wa mashariki, mimi wa magharibi. Miezi mitatu hakunisemesha hata neno moja. Nyumba zetu zimeshikana ukuta, nilikuwa namsikia akikohoa usiku, asubuhi tunatoka pamoja, mmoja mbele mmoja nyuma, kama watu wasiojuana. Hilo lilinitesa kuliko mahakama. Sikumwomba msamaha. Ningeomba msamaha wa saini za daftari nilizomfundisha kutia, lakini yeye alitaka niombe wa ile ya maelezo ya uongo niliyoikataa, na huo sina.

Alhamisi moja alimaliza upande wake mapema. Akaja hadi kwangu, akaegemea ufagio, akanitazama nikifagia.

"Ungejua yote haya," akasema, "mahakama, na haya mafagio, na mimi. Ungesema vile vile?"

"Ningesema vile vile."

Akasonya, sonyo refu la kwao. Alitazama lundo la majani yangu, kisha akaanza kulisukuma kwa ufagio wake.

"Basi shika kizoleo," akasema. "Mgongo unaniuma."

Nikakishika.